Daftari la Mlangoni

Kaye ni ya patroni. Safu nne kazipiga kwa rula mwenyewe:
jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi.
Depo ya simenti, Kadutu, chini ya njia ya Funu.
Saa kumi na mbili jioni nakabidhiwa tochi,
filimbi, rungu, na biki iliyofungwa uzi mezani
isije ikaibwa.

Nimewahi kukabidhiwa vingine.
Vile havikufungwa uzi.

Mwanzoni niliandika kilichopita getini tu.
Fuso la mzee Ciruza, mifuko mia mbili, sahihi kama mguu wa kuku.
Mama Nankafu, mifuko miwili, anajenga choo.
Kisha usiku mmoja ikaja mvua ya Bukavu,
ile inayoshuka vilimani na udongo na viatu vya watu,
ikapiga mabati, nami nikajikuta chini,
tumbo sakafuni, mdomo kwenye vumbi la simenti,
namwambia Asukulu inamisha kichwa,
inamisha, inamisha.

Asukulu hayupo. Mwaka wa kumi na saba huu.

Nilipoinuka, ulimi mweupe, mkono ulitafuta biki.
Nikafungua ukurasa wa mwisho. Jina: Asukulu.
Saa ya kuingia: kumi na moja alfajiri,
kilima ambacho ramani ilikiita kwa namba.
Saa ya kutoka
nikaiacha wazi.

Tangu hapo magari yanaanzia mbele ya kaye,
wao wanaanzia nyuma.
Siku moja watakutana katikati
na sijui patroni atasema nini.

Mobonda, mtu wa Mbandaka, alinyoa ndevu hata siku za njaa.
Wabulasa alichukia maharage, akafa ameshiba maharage.
Kaporali Tshimanga nilimdai dola tatu.
Nimeandika: deni limefutwa. Nikatia sahihi
kwa niaba ya wote wawili.

Tuliwahi kuitwa kwenye semina, tukapewa soda.
Mmoja akasema sahauni, mwingine akasema sameheni,
nikatia sahihi ya kuhudhuria, nikachukua nauli,
nikarudi kwa miguu ili nauli ibaki.

Nabintu hakusema sahau.
Mtoto wa binti yangu, darasa la tano,
huniletea chai asubuhi kabla ya masomo.
Siku hiyo alinikuta nimesinzia, kaye wazi.
Nilipofumbua macho alikuwa na biki yake nyekundu.
"Babu, kulia haina y.
Tulikimbia haina y. Hata kuua,
umeiandika kama mtu anayeikimbiza."
Alifuta y kumi na nne, akinung'unika kama mwalimu.
Wafu wangu wakasimama vizuri kidogo kwenye mistari.

Kisha kidole chake kikagota.
"Huyu hana jina. Kuna saa tu."

Mfuko wa simenti ukilowa kabla ya kazi
huganda humo humo, na umbo lake la mfuko.
Hauwi ukuta. Hauwi kitu.
Ukiupiga teke, unaumia wewe.

Nikamwambia: alitoka migombani, ameshika sufuria.
Nikamwambia: ilikuwa alfajiri, ukungu.
Nikamwambia: sufuria, nilidhani si sufuria.
Sikumwambia ukubwa wake.
Alitazama kimo chake mwenyewe kwenye kivuli cha mlango,
akajua.

Hakulia. Hakunishika mkono.
Akaandika kwa mwandiko wa shule, wa duara,
penye jina: *halikuulizwa.*
Akafunika termosi, akaenda, kengele ilishalia.

Chai ile niliinywa baridi, saa nne.

Mtu asinisifie kupona.
Mvua ikipiga mabati, bado nashuka chini.
Ila uzi nimeurefusha kwa kipande cha kamba ya mfuko.
Biki sasa inafika
mpaka sakafuni.